Silinda Inang'aa, Mbona Mashine Inakula Oili?

Tuseme umesimama kwenye karakana fulani Sumbawanga mjini, mwezi wa sita, koti umelifunga hadi shingoni maana upepo wa Ufipa asubuhi hauna huruma. Mahindi yameshaanza kuingia majumbani na watu kijijini wanakuulizia mashine. Mbele yako kuna laina ya injini yako ya kusagia, imetoka kuchongwa. Fundi anaiinua, anaielekeza mlangoni kwenye mwanga, anakwambia, "Chungulia mwenyewe, bosi." Unachungulia. Ndani kunang'aa kama sufuria mpya, hadi unaiona sura ya mlango imejikunja ukutani.

Je, unalipa?

Mjomba wangu alilipa. Ana mashine kijijini, upande wa njia ya Laela, injini ya dizeli ya silinda moja, zile za Kichina za kulala ambazo ukipita kijiji chochote cha Rukwa utazisikia kabla hujaziona. Alifunga laina, pistoni na ringi mpya, akaiwasha, akaiacha iungurume tupu siku nzima bila mzigo "ili izoee". Baada ya wiki mbili moshi ukawa wa bluu. Kila asubuhi kijiti cha oili kinashuka. Kwenye tundu la kupumulia la injini, mvuke unatoka kama birika. Kina mama wakaanza kubeba madebe yao kwenda kijiji cha pili. Alinipigia simu akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake siku ile: "Wewe unasoma mambo ya metali huko chuoni. Silinda ilikuwa inang'aa kama kioo. Sasa kosa liko wapi?"

Kosa lilikuwa hapo hapo kwenye kung'aa. Na kuna kosa la pili, la jicho lenyewe, ambalo nitalieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi hawalijui, na mimi pia sikulijua.

Tuanze na kazi ya ukuta wa silinda. Chukua injini ya aina ya S195, maarufu sana kwenye mashine zetu. Kipenyo cha silinda ni milimita 95, pistoni inatembea milimita 115 kwenda na 115 kurudi, na injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Piga hesabu: pistoni inasafiri wastani wa mita 7.7 kila sekunde, sawa na kilometa 27 na ushee kwa saa. Ukisaga saa nane, ringi zako zimetembea kilometa 220 hivi, zikisugua ukuta njia nzima. Hiyo ni Sumbawanga hadi Tunduma. Kila siku!

Chuma hakiwezi kusuguana na chuma kwa umbali huo kikabaki salama. Lazima kati yao kuwe na utando wa oili, na utando huo ni mwembamba mno, maikromita chache tu, na pale pistoni inaposimama ili igeuke unakuwa mwembamba zaidi ya hapo. (Maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako una unene wa kama maikromita 70.) Sasa oili itakaa wapi kwenye ukuta uliolainishwa kama kioo? Haina pa kushika. Ringi inapita, inaikwangua yote, inapokuja mara ya pili inakuta pakavu. Ndiyo maana silinda nzuri huachwa na mikwaruzo ya makusudi, mistari myembamba inayokatana kama nyavu, ambayo fundi huichora kwa kifaa chenye mawe ya kunolea kinachozunguka huku kikipanda na kushuka. Mistari hiyo ni mifereji, na oili inalala humo.

Wanaopima ulaini wana namba wanayoitumia sana, inaitwa Ra. Ni wastani wa jinsi uso unavyopanda na kushuka kutoka kwenye mstari wa katikati. Unapitisha sindano ya almasi yenye ncha ndogo kuliko tundu lolote utakaloliona kwa macho, inapanda na kushuka juu ya uso, mashine inaandika mchoro na kukupa wastani. Vifaa hivi si vya jana. E. J. Abbott wa Marekani alikuwa navyo miaka ya 1930, na mwaka 1941 kampuni ya Taylor Hobson ya Uingereza ilitoa chake kikaitwa Talysurf. Kwa silinda za injini nyingi, Ra inayotafutwa huangukia kati ya maikromita 0.3 na 0.8 hivi.

Lakini Ra peke yake inaficha jambo, na wewe unayeishi Ufipa utalielewa haraka kuliko mwanafunzi wa mahali pengine popote. Fikiria kuna ardhi mbili. Ya kwanza ni tambarare pana, juu yake imesimama milima kama Mbizi. Ya pili ni tambarare pana vilevile, ila imekatwa na mabonde ya ghafla, kama uwanda wetu unavyodondoka kuelekea Ziwa Rukwa, mita 1,000 chini. Ukichukua wastani wa kupanda na kushuka, ardhi hizi mbili zinaweza kukupa namba ileile. Lakini jaribu kuburuta mkokoteni juu yake. Kwenye ya kwanza utagonga milima. Kwenye ya pili magurudumu yanapita kwenye tambarare, na maji yamekaa chini mabondeni yakikusubiri.

Silinda tunaitaka iwe ardhi ya pili. Tambarare ya kubeba ringi, mabonde ya kutunza oili, vilele visiwepo. Abbott huyohuyo, pamoja na mwenzake F. A. Firestone, mwaka 1933 walipendekeza mchoro unaoonyesha hasa jambo hili: ukikata uso kwa kina fulani, ni asilimia ngapi ya chuma itakayokuwa inabeba mzigo. Mchoro huo bado unatumika viwandani hadi leo na una majina yao.

Sasa turudi kwenye jicho, maana hapo karakanani huna sindano ya almasi. Una macho, ukucha na simu.

Uso unang'aa kama kioo pale ambapo vimo vyake ni vidogo sana ukilinganisha na urefu wa wimbi la mwanga. Lakini "vidogo sana" inategemea unatazama kutoka upande gani. Kuna kigezo kinaitwa kigezo cha Rayleigh, na kwa maneno ya kawaida kinasema hivi: kadiri unavyotazama uso kwa kuulalia, ndivyo uso wenye mikwaruzo unavyojifanya laini. Umeshaliona hili mara nyingi. Karatasi ya daftari haing'ai ukiitazama usoni, ila iweke usawa wa jicho dirishani uone inavyometa. Lami ya Tunduma mchana wa jua, ukitazama mbali, inang'aa kama ina maji, na ingawa joto la hewa linachangia mchezo ule, kulalia kwa mwanga nako kumo.

Weka namba. Mwanga wa kawaida una urefu wa wimbi wa kama maikromita 0.55. Ukitazama uso moja kwa moja, kwa pembe mraba, unaonekana kama kioo iwapo tofauti za vimo vyake hazizidi maikromita 0.07 hivi. Sasa shika laina mkononi, jicho liwe sentimita 30 kutoka mdomoni, utazame ukuta sentimita 15 ndani. Silinda ni nyembamba, kwa hiyo jicho lako linaulalia ukuta vibaya mno, karibu nyuzi 84 kutoka kwenye pembe mraba. Kigezo kinapanda hadi maikromita 0.6 hivi. Mara tisa!

Maana yake ni nini? Ni kwamba silinda yenye mikwaruzo sahihi na silinda iliyosuguliwa mpaka ikafa zinaweza kukung'alia zote mbili ukichungulia mdomoni. Fundi hakuwa anamdanganya mjomba. Naye jicho lake lilikuwa linamdanganya.

Nitachepuka kidogo. Rafiki yangu mmoja wa karakanani alipoona nimeandika haya alisema, "Hii ndiyo shida ya bunduki." Na kweli. Anayenunua bunduki ya kuwindia kihalali huinua mtutu, huutazama kuelekea mwangani, na karibu kila mtutu unang'aa, kwa sababu pale jicho linaulalia ukuta zaidi hata ya kwenye silinda. Sehemu yenye shida kuliko zote ni chemba, pale nyuma risasi inapokaa. Risasi ikilipuka, ganda lake la shaba linavimba na kung'ang'ania ukuta wa chemba kwa shinikizo linaloweza kupita mara 3,000 ya shinikizo la hewa, halafu sekunde hiyohiyo linatakiwa liachie ili litolewe. Chemba ikiwa na mashimo ya kutu, ganda linaingia kwenye mashimo na kukwama. Wanajeshi wa Marekani kule Vietnam, miaka ya 1966 na 1967, walikwamiwa sana na maganda kwenye bunduki za M16, na sehemu ya dawa ilikuwa kupaka kromu ndani ya chemba. Upande wa pili nao una mipaka: msuguano wa ganda na ukuta husaidia kubeba sehemu ya msukumo wa kurudi nyuma, kwa hiyo chemba yenye oili huitupia mzigo mkubwa zaidi komeo la bunduki. Si kukwaruza sana, si kuteleza sana.

Huku kwetu bunduki za zamani zilikuwa na adui mwingine. Askari wa Kijerumani wa vita ya kwanza, ambao walikuwa na kituo pale Bismarckburg, Kasanga ya leo, hadi Juni 1916 walipoondolewa, wengi wao walianza vita na bunduki za Mauser za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Masalia ya baruti hiyo ni chumvi inayonyonya unyevu hewani. Usiposafisha kwa maji na kukausha vizuri, kutu inachimba. Na mashimo hayo, nirudie, mtu aliyetazama kupitia mdomoni anaweza asiyaone hata kidogo. Sitakufundisha kurekebisha bunduki, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali. Nimeileta kwa sababu tatizo la jicho ni lilelile.

Basi tufanyeje na silinda?

Kwanza, tazama kwa pembe mraba. Chukua kipande cha kioo, hata kioo cha kujitazamia cha mfukoni kama kinaingia, kiweke ndani kikiwa kimeinama nusu nusu ili jicho lione ukuta usoni, na mulika kwa tochi ya simu. Ukuta mzuri ukitazamwa hivi hauwi kioo. Ni wa kijivu, umetulia, na mistari inaonekana wazi ikikatana. Ukiona sura yako humo, shtuka.

Pili, hamisha tochi. Mwanga wa ubavuni haufai kupimia kung'aa, lakini kwa kutafuta mkwaruzo mmoja mmoja ndio wenyewe, kwa sababu kila tuta linatupa kivuli kirefu. Zungusha taratibu. Mstari mmoja mrefu wa wima kutoka juu hadi chini ni habari mbaya, kwani gesi itapita hapo. Mistari myembamba ya kukatana ni habari njema.

Tatu, pima pembe. Mistari hutokea kwa sababu mawe yanazunguka na kupanda-kushuka kwa wakati mmoja. Yakizunguka haraka na kupanda polepole, mistari inalala karibu mlalo, ringi inaruka juu yake kama gurudumu kwenye barabara ya makorongo. Yakipanda haraka mno, mistari inasimama wima na oili inateremka. Injini nyingi hutaka pembe ya mkatano kati ya nyuzi 40 na 60, ila kitabu cha injini yako ndicho kina neno la mwisho. Huna kipima pembe? Kata kona ya karatasi, ambayo ni nyuzi 90, ikunje iwe sehemu tatu sawa. Sehemu mbili ni nyuzi 60, moja ni 30. Piga picha ya ukuta kupitia kile kioo, weka karatasi juu ya skrini ya simu. Utajua kama uko karibu au uko mbali sana.

Nne, ukucha. Watu hudharau ukucha, kumbe vidole vyetu ni vifaa vya ajabu. Mwaka 2013 watafiti wa Stockholm, Sweden, waliwafumba watu macho wakawapa nyuso zenye makunyanzi madogo wazipapase, na waliweza kutofautisha na uso laini makunyanzi yenye kimo cha nanomita 13 tu. Hiyo ni maikromita 0.013! Kidole hakikupi namba, ila kinalinganisha vizuri mno. Ukucha nao ni butu kuliko ile mifereji, kwa hiyo hauingii ndani yake. Unateleza juu ya tambarare na kugonga vilele, jambo ambalo ndilo ringi hufanya. Ukiupitisha juu-chini unatakiwa usikie mtetemo mwepesi uliosawazika kila mahali. Ukinasa hapa na pale, kuna chuma kilichochanika na kukunjika. Pitisha pia pamba kavu, na nyuzi zikibaki ukutani umeshajua.

Na hapa ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo: usipime kwa kumbukumbu, pima kwa kulinganisha. Viwandani wana seti za vibao vya mfano, kila kimoja kina Ra inayojulikana, fundi anapapasa kibao kisha anapapasa kazi. Wewe nunua au azima laina mpya ya kiwandani ya injini ileile, ishike mkono wa kushoto, ile iliyochongwa ishike kulia. Jicho, kioo, ukucha, zote kwa zamu. Tofauti itajitokeza yenyewe bila ubishi na fundi, na kwenye karakana zetu kuepuka ubishi ni nusu ya kazi.

Kabla ya kufunga, osha. Dizeli au petroli peke yake haitoshi, kwa sababu inayeyusha grisi na kuacha unga wa mawe umezama kwenye mifereji ileile uliyoilipia. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi, kausha, paka oili, futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia. Nimeona injini mpya ikimalizwa na unga huu ndani ya msimu mmoja.

Limebaki kosa lile la mjomba la kuungurumisha bure. Watu wengi huamini injini mpya ibembelezwe. Angalia ringi inavyofanya kazi: yenyewe ina mkazo mdogo. Kinachoibana ukutani hasa ni gesi ya mlipuko, inayoingia nyuma yake na kuisukuma nje. Bila mzigo, dizeli inayochomwa ni kidogo, shinikizo ni dogo, ringi inaelea, vilele vilivyobaki havinyolewi. Oili inayopenya inaungua na kugeuka kuwa kama vanishi, inajaza mifereji, na ukuta unakuwa kioo hata kama fundi aliuchora vizuri. Huku Ufipa tuna nyongeza yetu. Kwenye mita 1,800 hivi za Sumbawanga, shinikizo la hewa ni kama robo tatu na kidogo ya lile la Dar es Salaam, tuseme asilimia 80. Injini isiyo na tabo inavuta hewa pungufu kwa kiasi hicho, na shinikizo ndani ya silinda linapungua nalo. Kwa hiyo injini iliyoungurumishwa tupu hapa inazibana ringi zake kwa udhaifu zaidi kuliko iliyofanyiwa vilevile Kibaha.

Dawa ni kuipasha moto kidogo, kisha kuipa mahindi siku hiyohiyo. Si mzigo wa kuizamisha hadi itoe moshi mweusi. Mzigo wa wastani, unapanda na kushuka, unaongezeka saa baada ya saa kama kitabu chake kinavyosema.

Mjomba alirudi mjini na laina mpya aliyoazima kwa mwenye duka, ameizungushia gazeti kama anabeba mtoto, na kioo cha pembeni cha pikipiki kilichovunjika. Fundi, wa karakana nyingine safari hii, alicheka kwanza, kisha akakichukua kioo akachungulia yeye mwenyewe kwa muda mrefu bila kusema kitu. Akairudisha laina kwenye mawe dakika chache. Siku mbili baadaye mashine ilikuwa inasaga dona ya majirani kwa nusu bei, kwa sababu mjomba alihitaji mzigo kuliko alivyohitaji hela.

Oili ile ya kwanza aliimwaga mapema, kwenye beseni jeupe. Ukiielekeza juani ilikuwa na vumbi la kijivu linalometameta, jembamba kuliko unga. Nilimwambia ndiyo ile milima ya Mbizi, imeshanyolewa.